Hay

Alikuja Isongole mwezi wa sita, ukungu umeketi juu ya migomba
kama mgeni aliyekwisha kula na haondoki.
Alibeba sanduku la chuma la kusikiliza ardhi.
Walitaka shimo la mita moja, mahali pasipopita ng'ombe.
Nikawaonyesha nyuma ya choo cha zamani.
Wakanipa karatasi nitie sahihi
na elfu thelathini kwa mwezi
za kulinda ukimya.

Jina lake Nvard.
Mwanangu Lusajo alilitafuna mara tatu, likamkwama,
akaamua mwenyewe: Dada Nuru.
Nikamuuliza, wewe kabila gani?
Akasema, mimi ni Hay.
Naona, nikamjibu, sote tu hai, Mungu ni mwema. Lakini kabila?
Alicheka hadi akakalia sanduku lake.
Hay ndilo kabila, mama.
Waarmenia ni jina tuliloitwa na majirani.

Usiku, jikoni, tukimenya viazi,
tulihesabu vilivyooza.
Mbili, nikasema. Erku, akasema.
Mhindi husema do, Mwajemi do,
Mwingereza naye na ile tu yake ya kubana midomo,
na hao wote, akasema, ni tumbo moja na erku.
Nikaitazama erku
kama unavyomtazama mtoto aliyeletwa msibani
ukaambiwa huyu naye ni wa marehemu:
pua si yetu, masikio si yetu.
Akaokota mkaa, akachora sakafuni sauti moja
ikidondoka jino, ikiota jingine,
maelfu ya miaka, mlima kwa mlima.
Uso hubadilika, akasema. Kitovu hakihami.

Nikamwambia, sisi hatukwenda mbali hivyo.
Tatu ya hapa ni tatu;
ukifika Iringa ni datu,
ulimi umelegea kwa baridi.
Mswahili ana mtu, marehemu mume wangu Mhehe alikuwa na munu,
mimi nina umundu.
Miaka kumi na minne tulilala kitanda kimoja
tukicheka kila mmoja maneno ya mwenzake,
wala hatukujua tunacheka neno lile lile.

Umundu ni nini, mama?
Aliuliza Lusajo, bila ubaya, mdomo umejaa kiazi.
Kisu changu kikasimama.

Nvard hakunitazama.
Akasimulia habari za mama wa bibi yake,
aliyefukuzwa kwa miguu mwaka wa mauaji
akiwa na mtoto mgongoni na hana kingine.
Usiku, chini ya shuka, alimnong'oneza mtoto:
hats, jur, tun.
Mkate. Maji. Nyumba.
Vitu vitatu wasivyokuwa navyo.
Wakavila, wakavinywa, wakalala ndani yake.

Asubuhi ukungu ulifunguka na Rungwe ukasimama mlangoni,
mweusi, umelowa, karibu kiasi cha kuusalimia.
Mnaruhusiwa kuupanda? akauliza.
Anayetaka, nikasema. Hata mbuzi.
Akanyamaza kitambo.
Mlima wao uko kwenye noti zao, kwenye chupa zao, madirishani mwao,
ila mpaka umepita upande huu wa mlima.

Aliondoka Jumanne. Sanduku likabaki na sikio lake shimoni.
Tangu siku hiyo Lusajo hupewa neno moja kila jioni
kabla ya ugali: ulipe ndipo ule.
Mengine nimeyasahau mwenyewe;
nampigia dada yangu Subilaga kule Kyela, naye ananicheka.

Septemba, saa tisa usiku, sufuria ziliongea kabatini.
Tulitoka nje na blanketi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha simama.
Kulipokucha simu ikalia, ujumbe kutoka mbali:
Sanduku limesikia. Mko hai?

Nikajibu neno moja.
Lusajo alichungulia begani pangu, akasema umekosea, mama,
mwisho wake ni i, mwalimu atakukata maksi.
Nikasema, akate.
Nikaituma hivyo hivyo.